Mji ukianguka, huchukua siku ngapi kuinuka?

ILIKUWA Jumamosi jioni, Mei 22, 2021, wakazi wa Goma walipoona anga la kaskazini limegeuka jekundu. Wengi hawakusubiri tangazo. Nyiragongo, mlima wa volkano ulio chini ya kilomita 20 kutoka mjini, ulikuwa umepasuka ubavuni na uji wa mawe yaliyoyeyuka ulikuwa unateremka. Usiku huohuo maelfu ya watu walibeba watoto, magodoro na masufuria, wakashika njia waliyoijua: kuelekea mpaka wa Rwanda, upande wa Gisenyi. Wengine walielekea magharibi, njia ya Sake.

Kulipopambazuka, uji ule ulikuwa umesimama pembezoni mwa mji, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu 32 walikuwa wamepoteza maisha na maelfu ya nyumba zilikuwa zimeteketea, lakini katikati ya mji palikuwa pamesalimika. Waliokumbuka Januari 17, 2002 walishusha pumzi. Mwaka ule lava ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, ikafunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji, ikawaacha watu wapatao 120,000 bila makazi na kumeza takriban theluthi moja ya njia ya kurukia ndege.

Pumzi hiyo haikudumu. Tangi kubwa la maji upande wa kaskazini, pamoja na mabomba yake, lilikuwa limeharibiwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) lilikadiria kuwa watu wapatao 500,000 hawakuwa na maji salama. Nyaya za umeme zilikuwa zimekatika. Barabara ya Goma hadi Rutshuru, ambayo ndiyo huleta maharage, viazi na mboga mjini, ilikuwa imefunikwa na mawe ya moto. Siku tano baadaye, ardhi ikiendelea kutetemeka, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe. Watu wapatao 400,000 waliondoka.

Je, Goma ilipigwa kidogo au sana mwaka ule? Jibu linategemea kinachopimwa. Ukihesabu eneo lililofunikwa na lava, mwaka 2021 ulikuwa na nafuu kubwa kuliko 2002. Ukihesabu siku ambazo mama wa familia alibeba dumu kwenda kuteka maji ziwani, picha inabadilika.

Swali hilo linazihusu serikali zote za ukanda huu. Miji ya Afrika Mashariki na Maziwa Makuu inakua haraka, na fedha nyingi zinaingia kwenye barabara, madaraja, matangi na vituo vya umeme. Kwa kawaida taarifa ya mradi hueleza kilomita zilizojengwa na mabilioni yaliyotumika. Ni nadra kueleza kwamba mvua kubwa, tetemeko au volkano ikija, huduma itashuka kwa kiasi gani na itarudi baada ya siku ngapi.

Pembetatu ya hasara

Mwaka 2003 kundi la watafiti wa uhandisi wa matetemeko, likiongozwa na Michel Bruneau, lilichapisha makala iliyotoa njia rahisi ya kulipima jambo hili. Chora mstari unaoonyesha huduma, tuseme maji ya bomba, ikiwa katika asilimia 100. Siku ya janga mstari unaporomoka. Kisha, kadiri mafundi wanavyofanya kazi, unapanda taratibu hadi kurudi ulipokuwa. Nafasi inayobaki kati ya mstari wa kawaida na mstari ulioporomoka ina umbo linalokaribia pembetatu. Ukubwa wa pembetatu hiyo ndio hasara ya mji.

Mfano wa kubuni unasaidia. Mji wa kwanza una mabomba imara. Tetemeko linapopiga, huduma ya maji inashuka kutoka asilimia 100 hadi 40. Lakini vipuri viko nje ya nchi, mafundi ni wachache na hakuna anayejua bomba lipi lianze kutengenezwa. Huduma inarudi taratibu na kukamilika baada ya siku 10.

Mji wa pili una mabomba ya zamani. Tetemeko lilelile linaishusha huduma hadi asilimia 20. Hata hivyo mji huo una ghala la vipuri, ramani ya mabomba yake na vikosi vya mafundi vinavyojua pa kuanzia. Baada ya siku 3 maji yamerudi yote.

Kwa hesabu ya pembetatu, nusu ya kimo mara kitako, mji wa kwanza umepoteza kiasi kinacholingana na siku 3 kamili bila tone la maji. Mji wa pili umepoteza siku moja na saa chache. Ulioanguka zaidi ndio uliopata hasara ndogo.

Hapo ndipo kipimo hiki kinapotofautiana na mazoea. Uimara wa zege unapunguza kina cha anguko tu. Urefu wa anguko unategemea mambo yasiyozinduliwa kwa kukata utepe: ghala, ramani, bajeti ya dharura, mafuta ya jenereta na watu waliofunzwa.

Bruneau na wenzake walitaja sifa nne za miundombinu stahimilivu. Ya kwanza ni uimara wenyewe. Ya pili ni kuwapo kwa mbadala, yaani kitu cha pili cha kushika nafasi ya kilichoharibika. Ya tatu ni uwezo wa kutambua tatizo na kukusanya watu, fedha na vifaa vya kulikabili. Ya nne ni wepesi wa kurejesha huduma.

Daraja moja, nchi nne

Sifa ya pili, ya mbadala, ilifundishwa kwa gharama kubwa nchini Uganda mwaka 2023. Mnamo Mei 11 mwaka huo, mto Katonga ulifurika na kuharibu barabara kuu ya Kampala hadi Masaka. Mamlaka ya barabara ililazimika kuifunga.

Kwenye ramani hiyo ni sehemu fupi tu ya lami inayokatiza eneo la kinamasi. Kwa uchumi, ni koo. Malori ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita hapo. Magari yalielekezwa kwenye mzunguko mrefu kupitia Mpigi, Sembabule na Masaka. Mbadala ulikuwapo, lakini haukuwa sawa na barabara kuu. Dereva wa lori alichoma mafuta zaidi, abiria wa basi alichelewa zaidi, na mfanyabiashara aliyekuwa akisubiri mzigo Kigali au Bujumbura alilipia vyote viwili.

Hili ni somo kwa wanaopima. Kujiuliza kama njia ya pili ipo hakutoshi. Inabidi kujua njia hiyo inabeba mzigo kiasi gani, kwa muda gani wa ziada, na kama mafuriko yaleyale hayataifikia. Madaraja mawili juu ya mto mmoja unaofurika kwa wakati mmoja hayawezi kuhesabiwa kuwa ni mbadala.

Kosa la aina hiyo hujificha hata ndani ya mji mmoja. Maji ya Goma huvutwa kutoka Ziwa Kivu kwa pampu, na pampu huendeshwa kwa umeme. Umeme ukikatika, maji nayo yanakatika, hata kama hakuna bomba lililopasuka. Maji yakikatika, hospitali inapoteza usafi wa chumba cha upasuaji. Barabara ikifungwa, dizeli ya jenereta ya hospitali haifiki. Kila idara ikipima huduma yake peke yake, kila moja inaweza kuonekana iko tayari, huku mnyororo mzima ukining'inia kwenye waya mmoja.

Jangwani: hesabu ya kila masika

Majanga mengine hayaji mara moja kwa kizazi. Dar es Salaam inalijua jambo hilo kupitia jina moja: Jangwani.

Desemba 2011, mvua ambayo jiji halikuwa limeiona kwa zaidi ya nusu karne iliua zaidi ya watu 40. Wakazi wengi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Miaka michache baadaye, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, karakana yake ilikuwa Jangwani, ndani ya bonde lilelile. Mara kadhaa tangu hapo maji yameingia katika eneo la karakana na kufunga Barabara ya Morogoro, na mabasi yaliyojengwa ili kuukwepa msongamano yakakwamishwa na mto.

Kwa kipimo cha janga moja kubwa, Jangwani ingepata alama nzuri: maji hujaa, hukaa saa kadhaa au siku moja, kisha hupungua na barabara kufunguliwa. Pembetatu ni ndogo. Lakini pembetatu ndogo zinazojirudia kila msimu hukusanyika na kuwa mzigo. Mfanyakazi wa Kariakoo anayekosa kibarua siku nne kwa mwaka, mwanafunzi anayekosa mtihani, mgonjwa anayezungushwa kupitia barabara nyingine: hao hawaonekani katika takwimu za maafa, kwa sababu hakuna aliyekufa.

Ndiyo maana hasara ya mwaka mzima inastahili kuhesabiwa pamoja, pembetatu zote zikijumlishwa. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayoweza kuhalalisha matumizi makubwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, unaohusisha daraja jipya la Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi na kuuachia mto nafasi yake. Fedha hizo ni nyingi ukiziweka kando ya mafuriko ya siku moja. Ukiziweka kando ya kila masika na kila vuli ya miaka ijayo, hesabu inakuwa nyingine.

Dar es Salaam pia imeonyesha kwamba kazi ya kupima haihitaji kungoja wataalamu kutoka mbali. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora mitaro, njia, nyumba na maeneo yanayojaa maji. Mzee wa mtaa aliyekuwa anakumbuka maji yalifika wapi ukutani alikuwa ni chombo cha kupimia. Mji usiojua mitaro yake iko wapi hauwezi kujua ipi imeziba.

Janga lisilopungua

Bujumbura inauliza swali gumu zaidi: itakuwaje mstari ukiporomoka na usirudi?

Kwa miaka kadhaa maji ya Ziwa Tanganyika yamekuwa yakipanda. Mwaka 2024 yalikaribia kimo kilichoweka rekodi mwaka 1964. Gatumba, kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo, imepigwa kutoka pande mbili, ziwa upande mmoja na mto Rusizi upande mwingine. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo na kuwang'oa makwao maelfu ya watu. Wengine walirudi, wakafurikiwa tena. Barabara inayounganisha Bujumbura na Uvira hupita hapohapo, na maji yalipokuwa juu, mitumbwi ilionekana mahali pa magari.

Katika hali kama hii pembetatu haifungiki. Kusema kwamba huduma imerudi asilimia 100 kunaweza kumaanisha tu kuwa mitaro imezibuliwa na shule imefunguliwa mahali ambapo maji yatarudi mwaka unaofuata. Wataalamu wa ustahimilivu wanatofautisha kurudi palepale na kurudi pazuri zaidi. Shule iliyojengwa upya kwenye ardhi ileile, kwa msingi uleule, imerudi. Haijapona.

Tena Bujumbura haiwezi kulimaliza jambo hili peke yake. Ziwa Tanganyika linamilikiwa na nchi nne, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, na mto pekee unaotoa maji yake ni Lukuga, unaoanzia Kalemie, Kongo. Hali ya mlango huo wa maji inaigusa bandari ya Bujumbura, Kigoma, Uvira na vijiji vya wavuvi vilivyo mamia ya kilomita kutoka hapo. Kipimo cha ustahimilivu wa Bujumbura kinachoishia mpakani ni kipimo nusu.

Asiye na bomba hahesabiwi

Kuna mtego mwingine ndani ya asilimia hizi. Shirika la umeme likitangaza kwamba asilimia 90 ya wateja wamerejeshewa huduma, habari hiyo inawahusu wateja. Familia isiyo na mita haimo. Mtaa usiokuwa na bomba kabla ya mafuriko utaandikwa sifuri kabla na sifuri baada. Kwa hesabu ya pembetatu, haukupoteza kitu.

Ukweli ni kinyume. Mtaa huo hununua maji kwa wachuuzi wa madumu, hupikia mkaa unaoletwa kwa pikipiki na hupitia kivuko cha mbao kwenda sokoni. Janga likija, bei ya dumu hupanda, mkaa hauonekani, kivuko kinachukuliwa na maji. Hasara ipo, na mara nyingi ni kubwa zaidi kwa sababu haina bima wala akiba. Haipimwi kwa sababu huduma zenyewe hazikuwahi kuandikwa popote.

Vilevile hazipimwi nguvu za watu hao. Goma ina chukudu, baiskeli ndefu ya mbao isiyo na pedali inayobeba magunia, mbao na madumu. Haihitaji mafuta wala lami. Baada ya lava ya 2002, wakazi walipasua mawe yaleyale yaliyofunika nyumba zao wakayatumia kujengea kuta mpya, na kuta hizo nyeusi ndizo sura ya mji hadi leo. Bodaboda, wachuuzi, vikundi vya kuweka na kukopa, misikiti na makanisa yanayofungua milango usiku wa janga: hivyo ndivyo mbadala halisi katika miji mingi ya ukanda huu. Orodha ya miundombinu inayoviacha inaupima mji mwingine.

Njia ya kurekebisha hesabu hii si ngumu. Badala ya kuuliza bomba limerudi lini, mji unaweza kuuliza ni lini kaya ilipata tena lita zake za kawaida kwa bei yake ya kawaida. Bei ya dumu la maji sokoni, ikiandikwa kila siku, ni kipimo kinachomwona tajiri na maskini.

Alama za karatasi

Miji haikosi miongozo. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kupunguza Hatari za Majanga (UNDRR) ina kadi ya alama inayojengwa juu ya mambo kumi ya msingi, kuanzia uongozi na fedha hadi miundombinu, uokoaji na ujenzi mpya. Kiwango cha awali kina maswali 47, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Kiwango cha kina kina vigezo 117, kwa alama 0 hadi 5. Aidha Mkataba wa Sendai, uliopitishwa Japan Machi 2015, una malengo saba ya kufikiwa ifikapo 2030, na la nne linataka uharibifu wa miundombinu muhimu na kukatika kwa huduma za msingi, zikiwamo afya na elimu, vipunguzwe kwa kiasi kikubwa.

Kadi hizo zina faida kubwa moja: huwakalisha meza moja mhandisi wa maji, mkuu wa zimamoto, daktari na mhasibu wa jiji. Wengi wao hukutana kwa mara ya kwanza hapo. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi mji hujipa alama wenyewe, na swali la kama mpango upo ni rahisi kulijibu kuliko swali la kama mpango unafanya kazi.

Goma ni ushahidi. Mji una kituo cha uangalizi wa volkano chenye wataalamu wanaoujua mlima wao. Ungeuliza kwenye karatasi kama mfumo wa tahadhari upo, jibu lingekuwa ndiyo. Lakini ufadhili uliokuwa unatolewa kupitia Benki ya Dunia ulikoma mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko kituo kilikosa intaneti ya kupokelea taarifa kutoka kwenye vifaa vilivyo mlimani. Mei 22 mlima ulilipuka bila mji kupewa tahadhari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema; hapa ufa wenyewe ulikuwa ada ya intaneti.

Kwa hiyo alama ya kujipa inahitaji kuwekwa kando ya ushahidi wa janga lililopita. Jiji lililojipa alama 3 kwa usambazaji wa maji lieleze, mara ya mwisho maji yalipokatika kwa mafuriko, yalirudi baada ya siku ngapi. Kama hakuna anayejua, alama hiyo haijathibitishwa.

Mlango wa dharura uko nchi jirani

Goma na Gisenyi ni miji miwili kwa sheria na mmoja kwa maisha. Kabla ya vizuizi vya Uviko-19, makumi ya maelfu ya watu walivuka kati yake kila siku, wengi wao wanawake wenye mizigo ya biashara ndogo. Mwaka 2002, na tena 2021, Gisenyi ndiyo ilikuwa mlango wa dharura wa Goma. Matetemeko ya Mei 2021 nayo hayakusimama mpakani: yalipasua nyumba na barabara Rubavu, wilaya ambayo Gisenyi imo. Miaka miwili baadaye, Mei 2023, mto Sebeya ulifurika katika wilaya hiyohiyo, katika mvua na maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda.

Umeme nao umefungwa kamba moja. Kituo cha Ruzizi II, kwenye mto unaotoka Ziwa Kivu, kinamilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Kongo kupitia kampuni ya SINELAC. Hitilafu hapo ni habari ya ndani katika nchi tatu.

Siasa inaweza kuufunga mlango wa dharura kwa haraka kuliko lava. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na uwanja wa ndege ambao lava ya 2021 iliuacha ukafungwa na vita. Kwa mgonjwa anayesubiri dawa, hakuna tofauti. Huduma imeporomoka na siku zinahesabiwa. Mlima nao hausubiri mazungumzo yaishe. Vifaa vya kuusikiliza, njia za kuhama na makubaliano ya kufungua mpaka usiku wa manane ni mambo ambayo pande zote zinayahitaji, yeyote awaye mwenye kuushika mji.

Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, hili ni eneo ambalo ushirikiano unaonekana kwa macho. Nchi wanachama hutumia muda mwingi kujadili ushuru na viwango vya bidhaa. Hakuna ugumu wa kukubaliana pia viwango vya kuhesabu: siku ya huduma iliyopotea iwe na maana moja Kampala, Mwanza, Kisumu, Kigali, Bujumbura na Bukavu. Bila hivyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni mji gani unajifunza na upi unarudia kosa.

Daftari la tarehe tatu

Halmashauri isiyo na fedha za kununua mifumo ya kompyuta inaweza kuanza na daftari. Kwa kila janga, kubwa au dogo, na kwa kila huduma, yaani maji, umeme, barabara, simu, zahanati na shule, ziandikwe tarehe na saa tatu: ilipokatika, ilipofika nusu, na iliporudi yote. Pembeni iandikwe mitaa iliyoathirika, bei ya dumu la maji siku hizo, na sababu ya kuchelewa: vipuri, mafuta, fedha, amri au njia.

Baada ya misimu mitatu ya mvua, daftari hilo litasema mambo ambayo ripoti ya mradi haisemi. Litaonyesha kwamba pampu fulani hungoja kifaa kilekile kila mara. Litaonyesha mtaa ambao huwa wa mwisho kurejeshewa huduma, mwaka baada ya mwaka. Litaonyesha kama daraja jipya limepunguza siku za kufungwa kwa barabara au limepunguza tu maneno ya wananchi.

Nyiragongo utalipuka tena. Wanaouchunguza hawana shaka juu ya hilo. Msimbazi utajaa, Katonga utafurika, na Tanganyika haijaahidi kurudi ilipokuwa. Mama anayeishi Goma, kwenye nyumba ya mawe meusi, hawezi kuuzuia mlima. Anachoweza kukidai kwa wanaoongoza mji wake ni jibu la swali moja lenye tarakimu ndani yake: mara ijayo, ataenda ziwani na dumu lake kwa siku ngapi?